Kabla hujamlipa mtu akupandishie video YouTube, soma haya



Kuna ahadi inayozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp hapa Pwani. Inasema: lipa shilingi elfu kadhaa, nasi tutahakikisha video yako inatoka ya kwanza mtu yeyote akitafuta "biriani", "Diani" au "Lamu" kwenye YouTube. Wanaolengwa ni kina mama wanaopika na kurekodi, vijana wanaoongoza wageni, manahodha wa mashua za matembezi, mafundi wa kofia na wa milango. Yaani watu ambao shilingi elfu kadhaa kwao ni faida ya juma zima.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mahamri na biriani ya oda, alilipa. Baada ya siku nne video yake ilionyesha imetazamwa mara 20,000. Hakuna aliyepiga simu kuagiza. Hakuna hata aliyeuliza anatumia nazi ngapi. Tulipofungua takwimu za chaneli yake, tukakuta wengi wa hao "watazamaji" walikaa sekunde chache wakatoka. Haukupita muda ile hesabu ikaanza kupungua, kwa sababu YouTube huondoa utazamaji inaouona ni wa bandia. Aliyepokea pesa naye akawa hashiki simu.

Kwa hivyo leo nataka tueleweshane kwa lugha nyepesi: YouTube inapangaje video, kwa nini maneno mengine ni magumu kuyapata, na mtu asiye na mtaji apite wapi. Njia ipo, na hakuna hatua ndani yake inayohitaji kumlipa mtu.

YouTube inapima nini?

YouTube ilianza mwaka 2005. Video ya kwanza kabisa, ya sekunde 19, iliwekwa tarehe 23 Aprili mwaka huo. Ndani yake anaonekana Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi watatu, amesimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Mwaka uliofuata Google ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.65.

Katika miaka ya mwanzo, kilichokuwa na uzito mkubwa ni mara ngapi video imebofywa. Watu wakajua kucheza na hilo. Picha ya mbele inaonyesha kitu kimoja, ndani kuna kitu kingine. Mtazamaji anabofya, anaona amedanganywa, anatoka kwa hasira, lakini hesabu imeshaingia.

Mwaka 2012 mizani ikabadilishwa. YouTube ilianza na video inazopendekeza, kisha mwezi wa Oktoba ikatangaza kwamba hata katika utafutaji itautazama zaidi muda ambao watu wanakaa wakitazama. Hapa ndipo wauzaji wa utazamaji wanapokupita chenga: wanakuuzia mibofyo, na mibofyo mitupu ilipoteza thamani yake zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Kwa maelezo ya YouTube yenyewe, utafutaji wake leo unaangalia mambo matatu makuu. La kwanza ni kulingana: je, kichwa, maelezo na yaliyomo ndani ya video yanajibu kile kilichoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia? La pili ni mwitikio: waliotafuta neno hilo wakaingia kwenye video hii, walikaa au walikimbia? La tatu ni ubora: je, kuna dalili kwamba chaneli hii inaujua mada huu na inaaminika? Juu ya hayo matatu, historia ya anayetafuta nayo inaweza kuingia. Ndiyo maana wawili walioketi baraza moja wanaweza kuandika neno lile lile wakaona orodha mbili tofauti.

Sasa pima ile ahadi ya "utakuwa wa kwanza". Wa kwanza kwenye simu ya nani? Mwenye chaneli akitafuta kwa simu yake mwenyewe, iliyozoea kutazama video zake, anaweza kujiona yuko juu akafurahi bure. Ukitaka ukweli, fungua kivinjari kwa hali fiche bila kuingia kwenye akaunti yako, au mwombe binamu yako aliyeko Nakuru atafute kisha akutumie picha ya skrini.

Jambo jingine: YouTube inasema wazi kwamba haipokei malipo ili kuipandisha video katika matokeo ya kawaida ya utafutaji. Kinachouzwa rasmi ni matangazo, nayo huandikwa kwamba ni matangazo. Anayekwambia ana mtu wake ndani anakuuzia upepo.

Neno "biriani" lina wenyewe

Chukua neno "biryani". Ukilitafuta, mbele yako watapanga foleni wapishi wa India na Pakistan, chaneli zenye mamilioni ya wafuasi, jiko la studio, taa na kamera tatu. Kwa miaka mingi watu waliotafuta neno hilo wameingia kwa wapishi hao na wakakaa. YouTube ina ushahidi mkubwa juu yao, na haina sababu ya kuwaondoa ili impe nafasi mgeni ambaye haijamjua. Hakuna chuki hapo. Ni kama kufungua duka la leso Biashara Street, katikati ya maduka yenye wateja tangu enzi za bibi zetu, halafu ushangae mbona watu wanakupita.

Lakini itazame ile biriani yao. Wengi wao hupanga nyama na wali tabaka kwa tabaka ndani ya sufuria moja, wakafunika na kupika pamoja. Ya kwetu Mombasa wali hupikwa kando ukatiwa rangi, rojo likaiva kando na vitunguu vyake vya kukaanga, vikakutana kwenye sahani. Msichana wa Kisauni anayeolewa mwezi ujao na anataka kujua biriani ya nyumbani, hatatosheka na ya Hyderabad hata iwe imepigwa picha vipi. Atapita video tatu, atarudi kwenye kisanduku, ataongeza neno: "biriani ya Mombasa".

Nahodha haingii bandarini kwa kuupasua mwamba. Anautafuta mlango. Na huo ndio mlango.

Yapange maneno kama ngazi. Juu kabisa kuna "biriani". Chini yake kuna "biriani ya Mombasa". Chini zaidi, "biriani ya kuku ya Mombasa ya watu 10". Chini kabisa kuna maswali: "kwa nini vitunguu vya biriani vinaungua", "kuzuia rojo la biriani lisikatike", "mchele gani mzuri wa biriani". Kadiri unavyoshuka, wanaotafuta wanapungua, lakini kila mmoja wao anajua anachokitaka. Akikipata kwako atakaa hadi mwisho, atauliza swali, atamtumia dada yake. Hapo YouTube inaanza kukukusanyia ushahidi wewe: huyu akijibu habari ya biriani, watu wanakaa. Ukishajulikana chini ya ngazi, unapanda daraja moja. Anayeruka moja kwa moja hadi juu huanguka bila kuonekana.

Milango inapatikana vipi?

Huhitaji programu ya kulipia. Anza na kisanduku chenyewe cha kutafutia. Andika neno lako polepole, herufi kwa herufi, uangalie YouTube inakumalizia vipi. Mapendekezo hayo yanatokana na yale ambayo watu hutafuta. Kisha jaribu kutanguliza "jinsi ya", "kwa nini", "bei ya", "namna ya kufika". Andika yote kwenye daftari.

Jaribu pia tahajia zote. Sisi tunasema mahamri; mtu wa Nairobi huenda akaandika mandazi, wa Tanzania akaandika maandazi. Sisi tunajua mahamri yana tui na hiliki na si kila andazi ni hamri, lakini anayetafuta hajui ugomvi huo. Tumia jina lako kwenye kichwa, na yale mengine yataje kwenye maelezo kwa sentensi ya kawaida.

Pili, fungua Google Trends, ambayo ni bure. Kuna sehemu ya kuchagua utafutaji wa YouTube badala ya utafutaji wa kawaida, na sehemu ya kuchagua nchi. Linganisha maneno mawili uone lipi linatafutwa zaidi, na miezi gani. Neno likiwa dogo sana halitakuonyesha kitu. Usivunjike moyo, bado linaweza kukuletea wateja wachache walio wa kweli.

Tatu, tafuta neno ulilolichagua kisha zikague video kumi za mwanzo. Jiulize maswali matatu. Ni za lini? Ni za lugha gani? Je, zinajibu swali lenyewe, au zimeletwa tu kwa kuwa hakuna bora zaidi? Ukikuta nyingi ni za zamani, au ni za Kiingereza ilhali swali ni la Kiswahili, au zinazunguka bila kujibu, mlango uko wazi.

Chimbuko bora kuliko yote, hata hivyo, ni maswali ya wateja wako. Nahodha wa Shimoni anaulizwa kila siku: kutoka Ukunda nitafika vipi kwa matatu? Bahari inakuwa tulivu miezi gani? Wasini kuna chakula? Mtoto wa miaka minne anaweza kupanda? Kila swali ni video. "Diani" ni neno la mahoteli na wasafiri wenye ndege ndogo za kupigia picha. Hutawashinda kwa simu. Lakini "jinsi ya kufika Wasini kutoka Ukunda" ni swali lako wewe, kwa sababu njia hiyo unaijua usiku na mchana.

Mtu wa bara anayekuja kwa treni ya SGR mara ya kwanza anashuka Miritini na hajui pa kuelekea. Nani wa kumweleza matatu ya mjini inasimama wapi, tuktuk isimtoze zaidi ya kiasi gani, na akiwa anakwenda Kwale atavukaje Likoni? Wageni watatengeneza video nzuri ya dirisha la treni. Sisi ndio tunaojua mlangoni kuna nini.

Vivyo hivyo kwa historia yetu. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Fort Jesus mwaka 2011, na magofu ya Gedi mwezi wa Julai 2024. Wanaotafuta majina haya ni wengi, na video nyingi zinazowajibu zimetengenezwa na watu waliokaa saa moja wakaondoka. Kijana wa Gede anayejua msafiri ashuke wapi kwenye barabara ya kwenda Malindi, aanze na jumba lipi, na saa ngapi jua halichomi, ana kitu ambacho mgeni hana. Asipokirekodi yeye, mji wetu utaendelea kuelezwa na wapita njia.

Sekunde 30 za mwanzo

Umeupata mlango, sasa watu wanaingia. Wengi wetu tunawapotezea mlangoni hapo hapo.

Salamu ni sunna na ni heri. Lakini ziko video za kwetu zinazoanza na salamu, zikafuata shukrani, wimbo, jina la chaneli likizunguka, salamu kwa jamaa walioko Jeddah na Muscat, kuomba msamaha kwa kupotea, kuomba watu wajiandikishe, kuomba wabonyeze kengele. Dakika mbili zimekwisha. Na aliyekuja ana vitunguu motoni vinaanza kuwa vyeusi!

Toa salamu fupi. Onyesha biriani iliyokwisha kuiva. Sema atapata nini: "Leo tunapika biriani ya kuku ya watu kumi, na nitakuonyesha vitunguu visiungue." Kisha anza. Ombi la kujiandikisha liweke baada ya kumpa kitu cha kushukuru.

Ndani ya YouTube Studio, kila video ina mchoro unaoonyesha watu wameendelea kutazama hadi wapi, na ni asilimia ngapi walikuwa bado wapo kwenye sekunde ya 30. Usome mchoro huo kama daktari anavyosoma vipimo. Kila mahali mstari uliposhuka ghafla, rudi ukatazame ulifanya nini. Utakuta ulirudia maneno, au ulikaa kimya ukisubiri maji yachemke, au muziki ulizidi sauti yako.

Usirefushe video kwa kudhani urefu una thawabu. Ikiwa maelezo yamekwisha kwa dakika sita, funga kwa dakika sita.

Na kwa kina dada wasiotaka uso wao uonekane: hilo si kizuizi. Mikono na sufuria vinatosha. Wanaotafuta kaimati wanataka kuona unga unavyodondoshwa kwenye mafuta, na hilo huonyeshwa na mkono. Asiyetaka kusikika anaweza kuandika maelezo kwenye skrini.

Kichwa, kijipicha na maelezo

Kichwa cha video hakizidi herufi 100, na simu hukikata kabla ya hapo, kwa hivyo maneno ya maana yaje mwanzo. Linganisha hivi viwili:

"MASHALLAH!!! MAPISHI MATAMU SANA, USIKOSE, SEHEMU YA 1"

"Biriani ya kuku ya Mombasa ya watu 10: rojo kando, wali kando"

Cha kwanza hakuna binadamu atakayekitafuta. Cha pili ni maneno yale yale mtu anayoyaandika.

Kijipicha, ile picha ndogo ya mbele, kipige mwenyewe badala ya kuiachia YouTube ichague. Utahitaji kuthibitisha chaneli kwa nambari ya simu kwanza. Chakula kionekane kwa karibu, mwanga wa dirishani, maneno matatu au manne basi. Kisha kitazame kwenye simu ndogo ukiwa umeinyoosha mkono. Kama husomi, mteja pia hasomi.

Maelezo chini ya video yanaweza kufika herufi 5,000, na wengi wetu tunaandika "Enjoy" tukaondoka. Mistari miwili ya mwanzo ieleze video ina nini. Kisha weka vipimo vyote: mchele kilo ngapi, vitunguu vingapi, masala kiasi gani. Ukiuza, weka mtaa unaopatikana na nambari ya kuagizia. Weka pia vipengele vya muda, ili anayetaka rojo tu aruke hadi kwenye rojo. Masharti yake ni mepesi: muda wa kwanza uwe 0:00, viwe angalau vitatu kwa mpangilio, na kila kimoja kisipungue sekunde 10.

Kuhusu zile lebo za kujaza chini, YouTube inasema zina mchango mdogo, na faida yake kubwa ni kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika. Kujaza majina ya wasanii mashuhuri kwenye video ya kaimati hakukusaidii kitu, na ni kinyume cha kanuni zao.

Ukipata nafasi, andika manukuu ya Kiswahili, na ya Kiingereza pia. Wako wajukuu wa Pwani waliozaliwa London na Toronto ambao wanakielewa Kiswahili nusu nusu, na wanatamani mahamri ya bibi yao. Hao huyatafuta.

Jenga mtaa

Video moja haishindani na neno kubwa. Zikiwa kumi zinazosaidiana, hapo unaanza kuwa na mtaa. Moja ya mchele, moja ya vitunguu, moja ya masala, moja ya kachumbari, moja ya achari ya ndimu, moja ya biriani ya harusi ya watu 100. Ziweke kwenye orodha moja, na mwisho wa kila moja mwelekeze mtazamaji kwa inayofuata. Aliyeingia kwa mlango wa vitunguu anatoka amejifunza biriani nzima.

Jua pia misimu. Wapishi wengi huweka video za futari Ramadhani ikiwa imeshaingia, wakati watu wamekwisha chagua wa kumfuata. Ziweke Shaabani inapoanza, ili zipate nafasi ya kujulikana. Na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka katika kalenda ya Miladi, usitaje mwezi wala mwaka kwenye kichwa. Kaimati hazizeeki, lakini kichwa chenye mwaka uliopita kinazeeka.

Baada ya miezi miwili au mitatu, fungua takwimu, ingia kwenye vyanzo vya watazamaji, kisha utafutaji wa YouTube. Hapo utaona maneno yenyewe yaliyowaleta watu kwako. Mara nyingi kuna neno usilolitarajia. Litengenezee video yake.

Pesa zake zikoje?

Tusemezane ukweli hapa, maana vijana wengi wanaingia wakidhani mwezi ujao watalipwa. Ili upate sehemu ya mapato ya matangazo, unahitaji wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au Shorts zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Na muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauhesabiwi katika zile saa 4,000.

Piga hesabu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtazamaji akikaa dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Akikaa dakika mbili, mara 120,000. Akikaa sekunde sita, kama wale wa kununua, ni mara milioni mbili na laki nne. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kwa nini uaminifu kwa mtazamaji ni rahisi kuliko hila.

Lakini usisubiri saa 4,000 ndipo uione faida. Video iliyotazamwa mara 300 na watu wa Mombasa wanaotafuta biriani ya harusi inaweza kukuletea oda mbili. Nahodha akipata familia moja kwa wiki kutokana na video ya njia ya Wasini, tayari bando limejilipa.

Riziki ya halali

Mwisho ni suala la amana. Kununua utazamaji ni ghushi. Hata ule mtindo wa makundi ya "jiandikishe kwangu nijiandikishe kwako" umekatazwa katika kanuni za YouTube, na chaneli inaweza kufungwa. Tena unakuumiza: watu mia mbili wasiotaka mapishi wakikufuata kwa kukufanyia hisani, watabofya na kutoka, na mchoro wako utaanguka kila unapoweka video mpya.

Kichwa cha uongo nacho ni uongo. Video za "maajabu ya majini ya Mji wa Kale" na "Lamu si salama tena" hubofywa, ndiyo, lakini bei yake analipa mwenye nyumba ya wageni ambaye wageni wake wameahirisha safari. Na zile shughuli za kina mama za ndani, kupamba bibi harusi na kesha, si mali ya kutafutia watazamaji. Aliyejifunua akiwa miongoni mwa wenzake hakukupa ruhusa ya kumwonyesha ulimwengu.

Nakuachia kazi ya wiki hii, na haina gharama. Chukua daftari, andika maswali kumi ambayo wateja au wageni wamekuuliza karibuni. Litafute kila moja kwenye YouTube kwa hali fiche. Lile ambalo majibu yake ni mabovu kuliko mengine, lirekodi kwa simu uliyonayo, dirishani kwenye mwanga, kwa maneno yako ya kawaida. Kisha wiki ijayo la pili. Zile shilingi elfu kadhaa za "mtaalamu", nunulia mchele.

Wabillahi tawfiq.